Chai Baada ya Chakula cha Usiku: Namna ya Kuiandaa na Kuwapa Wageni Katika Baridi ya Nyanda za Juu Kusini

Miezi ya Juni na Julai, jua likishazama, baridi ya Mbeya huingia sebuleni hata kama madirisha yote yamefungwa, na mgeni aliyekula wali wa Kyela na nyama akashiba vizuri huanza kukunja mikono kifuani na kutafuta mahali pa kuficha vidole. Hapo ndipo chai inapohitajika. Si ile chai ya asubuhi, maana kwa Kiswahili chetu mtu akisema "nimeshakunywa chai" huwa anatuarifu kwamba amekula, iwe ni viazi, mkate au chapati mbili, na kinywaji chenyewe ni sehemu ndogo tu ya habari hiyo. Chai inayofuata chakula cha usiku haimshibishi mtu. Kazi yake ni kumpasha mgeni moto, kumsaidia kushushia alichokula, na kumpa sababu ya heshima ya kuendelea kukaa wakati sahani zimekwisha kuondolewa.

Nimekulia Njombe na sasa naishi Mbeya, na katika nyumba za pande zote mbili nimewahi kugawa chai ya namna hii na kugawiwa. Kila ilipoharibika, chanzo kilikuwa kimoja kati ya viwili: ama ilimfikia mgeni ikiwa vuguvugu, ama ilimfikia kabla ya wakati wake. Ni nadra sana huku kwetu chai kuharibika kwa sababu ya majani mabaya, kwa kuwa sehemu kubwa ya chai ya Tanzania hulimwa papa hapa, Mufindi, Njombe na Rungwe. Kwa hiyo karibu yote nitakayoeleza yanahusu moto na saa.

Kabla wageni hawajaketi kula

Anza na hesabu. Kikombe cha kawaida cha nyumbani huchukua takriban mililita 200. Katika watu wazima kumi, wengi watakunywa kimoja na baadhi wataongezewa, hivyo panga vikombe 15, yaani lita 3. Usiipike yote ya maziwa. Lita 2 ziwe za maziwa na lita 1 iwe ya rangi, kwa sababu daima kuna mmoja ambaye tumbo lake halipatani na maziwa, na mwingine ambaye baada ya nyama nyingi hutamani kitu chepesi. Ukijua kwamba kati ya wageni wako wamo wazee kadhaa wanaokunywa ya rangi tu, geuza hesabu.

Chupa za chai ziwe mbili, na zikaguliwe mapema. Mimina maji yanayochemka ndani ya chupa, funga, kisha baada ya saa moja ishike kwa nje. Ikiwa mwili wake umepata joto, ujue moto unatoroka na chupa hiyo haifai tena kwa kazi ya usiku, hata kama maua yake bado yanapendeza. Inuse pia. Chupa iliyowahi kuhifadhi uji, au iliyofungwa na maji yake ndani kwa wiki nzima, hutoa harufu ambayo tangawizi haiwezi kuifunika. Dawa yake ni rahisi: tia konzi ya mchele mkavu na maji ya moto nusu chupa, tikisa kwa nguvu, mwaga, suuza mara mbili, kisha safisha kifuniko na mpira wake peke yake, maana uchafu mwingi hujificha hapo.

Kosa ambalo hufanywa hata na wapishi wazuri ni kumimina chai ya moto katika chupa ya baridi. Katika jiko la Njombe mwezi wa Julai, chupa iliyokaa kabatini huwa na ubaridi wa jiwe la mtoni, nayo hunyang'anya chai sehemu nzuri ya joto lake papo hapo. Ijaze maji ya moto dakika kumi kabla, uyamwage, ndipo utie chai. Vikombe navyo vifanyiwe vivyo hivyo. Viweke katika beseni la maji ya moto, uvifute kwa kitambaa kikavu muda mfupi kabla ya kuvipanga kwenye trei. Mtu asiyeishi huku anaweza kuona ni usumbufu wa bure, lakini kikombe cha udongo kilicho baridi kinatosha kuigeuza chai nzuri kuwa vuguvugu kabla haijafika mkononi mwa mgeni wa tatu. Vikombe vya bati naviacha kwa safari za shambani, kwa kuwa huunguza mdomo kwanza, kisha hupoa ghafla.

Andaa vikombe viwili zaidi ya idadi ya wageni, kwani jirani husikia sauti akapita kusalimia, na si vizuri mtoto wa nyumbani kunyang'anywa kikombe chake mbele za watu.

Jambo la mwisho kabla ya chakula ni kuhusu moto wenyewe. Nyumba nyingi hupenda kuingiza jiko la mkaa sebuleni ili wageni waote. Usifanye hivyo katika chumba kilichofungwa. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu hulewa usingizi bila kujua kinachowapata. Jiko libaki nje au barazani, na wageni wapashwe kwa chai, kwa mashuka mazito ya kujifunika miguuni, na kwa mlango unaofungwa haraka kila mtu anapopita.

Majani, maji na urefu wa nchi

Mmea wa chai uliletwa nchini na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, ukajaribiwa Amani kule Usambara na pia huku Rungwe, na hadi leo anayesafiri kutoka Mbeya kwenda Tukuyu huona mashamba yake yakitandazwa juu ya vilima kama zulia lililokatwa kwa mkasi. Majani tunayouziwa madukani mengi ni ya chembe ndogo ndogo zilizosagwa na kuviringishwa kiwandani, ambayo hutoa rangi haraka na yanavumilia maziwa. Hayo ndiyo yanayofaa kwa kazi hii. Nunua pakiti ambayo haijafunguliwa, au kama unayo iliyofunguliwa, inuse: majani ya chai hufyonza harufu za jirani zake, na pakiti iliyowekwa karibu na vitunguu au kibatari itakupa chai ya vitunguu au ya mafuta ya taa.

Sasa maji. Pwani, maji huchemka yakifikia nyuzi 100 za Selsiasi. Kadiri unavyopanda juu, mgandamizo wa hewa hupungua na maji huchemka mapema zaidi, takriban nyuzi moja chini kwa kila mita 300. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji yanayotokota katika sufuria yako yana kama nyuzi 94 tu, na Njombe, iliyo juu zaidi, hupata kama 93. Hii ndiyo sababu shemeji yangu aliyezoea Dar es Salaam alipofika kwetu akatia majani kwenye buli, akamimina maji na kusubiri dakika zake tatu, alipata kinywaji chenye rangi ya maji ya mfereji. Alidhani majani ni mabovu, akaongeza. Ikawa kali na kavu mdomoni, lakini bado haikuwa na ladha iliyokomaa. Huku kwetu majani hayatoshi kumiminiwa maji. Yanatakiwa yachemshwe juu ya moto mdogo, na yapewe muda.

Kwa lita 2 za chai ya maziwa, weka jikoni maji lita 1 na robo pamoja na kipande cha tangawizi mbichi chenye ukubwa wa kidole gumba, kilichopondwa. Acha vichemke pamoja kwa dakika kumi kamili kabla maziwa hayajakaribia sufuria. Nasisitiza hili kwa sababu lilinigharimu. Usiku mmoja nilikuwa na wageni wanane, wakiwemo wakwe, na kwa haraka niliponda tangawizi nikaitumbukiza moja kwa moja katika maziwa yaliyokuwa bado ya uvuguvugu. Niligeuka kuchukua chujio. Nilipotazama tena, maziwa yalikuwa yamekatika: madonge meupe yanaelea juu ya maji ya manjano, na kadiri nilivyokoroga ndivyo yalivyozidi kujitenga. Nililaumu ng'ombe, nikalaumu aliyeniletea maziwa, kumbe kosa lilikuwa langu. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachovunja protini za maziwa, na kimeng'enya hicho hufa kwa moto. Ikishachemka vizuri katika maji haina tena ubaya wowote kwa maziwa. Usiku ule wageni walikunywa ya rangi, na mama mkwe akasema kwa upole kwamba hata hivyo ndiyo aliyokuwa anaitaka.

Tangawizi ikishaiva, tia majani vijiko vya chai vitano vilivyojaa kiasi, punguza moto, acha yachemke dakika tatu. Kisha ongeza lita 1 ya maziwa ya moto ambayo yalikwisha kuchemshwa. Maziwa ya Rungwe na Njombe hutufikia mengi yakiwa yamekamuliwa asubuhi hiyohiyo, na utamu wake haupingwi, ila maziwa mabichi yanaweza kubeba maradhi kama brusela na kifua kikuu, kwa hiyo yachemshwe mara tu yanapoingia nyumbani na kufunikwa. Yakiwa yamekaa tangu asubuhi, yajaribu kwanza: mimina kijiko kimoja cha maziwa katika kikombe chenye chai ya moto kidogo. Yakikatika humo, umepoteza kijiko, si sufuria nzima.

Acha mchanganyiko upande mara moja, ushushe moto, uendelee kutokota taratibu kwa dakika nne au tano. Iliki sita zilizopondwa na maganda yake ziingie dakika mbili za mwisho, kwa sababu harufu yake huruka upesi, tofauti na mdalasini ambao huhitaji kuanza pamoja na tangawizi. Rangi unayoitafuta ni ya tofali la kuchoma lililopauka kidogo. Ikiwa nyeupe zaidi ya hapo, ongeza dakika mbili kabla ya kufikiria kuongeza majani.

Kuhusu viungo, tazama kwanza wageni walikula nini. Aliyetoka kwenye pilau ana karafuu, bizari na mdalasini mdomoni tayari, na kumpa chai iliyojaa vitu hivyohivyo ni kumrudishia chakula katika kikombe. Huyo mpe chai ya tangawizi pekee, tena hafifu. Lakini baada ya ugali na kuku wa kienyeji, au ndizi zilizopikwa na nyama kama wapikavyo Wanyakyusa, chai yenye iliki na mdalasini huja kama kitu kipya kabisa.

Ya rangi ni nyepesi kupika. Maji lita 1 na kikombe kimoja, majani vijiko vitatu, dakika tano juu ya moto mdogo ikiwa imefunikwa, kisha ichujwe mara moja. Majani yakiachwa ndani yataendelea kutoa ukali hadi saa utakayomimina.

Nyumba nyingi hutia sukari sufuriani, na mimi siiungi mkono desturi hiyo kwa chai ya wageni. Mwenye kisukari hawezi kuitoa, na mara nyingi hatasema. Atanyamaza na kushika kikombe mkononi hadi kipoe. Sukari ikae kwenye bakuli lake na kijiko chake kikavu, ambacho hakiingii katika kikombe cha mtu yeyote. Bakuli lenye madonge ya kahawia yaliyotokana na vijiko vilivyolowa huwaambia wageni mambo mengi kuhusu nyumba.

Ikiwa unapika na kukaribisha wewe mwenyewe, bila msaidizi, gawa kazi mara mbili. Chemsha maji na tangawizi kabla ya chakula, uyaweke kando yakiwa yamefunikwa. Wageni wanapomaliza kula, rudisha sufuria motoni, na baada ya dakika kumi na tano hivi chai itakuwa tayari. Usiipike saa kumi jioni kwa ajili ya saa tatu usiku. Chai ya maziwa iliyokaa kwenye chupa zaidi ya saa mbili hupata ladha nzito ya kupikwa mno, na chupa haina namna ya kuirekebisha.

Kungoja wakati wake

Chakula kikiisha, kwanza ni kunawa. Jagi lenye maji ya uvuguvugu na beseni lipitishwe kwa kila mtu aliyekula kwa mkono, pamoja na taulo kavu. Katika nyumba nyingi hufuata sala ya kushukuru. Kisha meza isafishwe kabisa, na ninaposema kabisa nina maana kwamba mifupa, maganda ya ndizi na kitambaa chenye madoa ya mchuzi vyote viondoke. Chai isikutane na sahani chafu. Ikiwezekana wahamishe wageni kutoka mezani kwenda kwenye makochi, kwa kuwa kuhama huko ndiko kunakotenganisha shughuli moja na nyingine.

Baada ya hapo, ngoja. Wenyeji wengi huona aibu kukaa bila kumpa mgeni kitu, na hivyo hukimbilia kuleta chai tonge la mwisho likiwa bado kooni. Mgeni aliyeletewa chai haraka namna hiyo anaweza kuelewa kwamba anaagwa. Lipo pia jambo la kiafya: chai ikinywewa pamoja na chakula hupunguza kiasi cha madini ya chuma ambacho mwili hupata, hasa yale yatokanayo na maharage na mboga za majani. Mjamzito, au mtu aliyeambiwa ana upungufu wa damu, anafaidika akikaa kama saa moja kati ya chakula na chai. Kama mlianza kula saa mbili usiku mkamaliza saa mbili na nusu, basi kati ya saa tatu na saa tatu na nusu ni wakati mzuri kwa wengi, na mwenye kuhitaji saa kamili asubiri hadi saa tatu na nusu.

Hata hivyo usingoje mpaka watu waanze kupiga miayo. Zipo dalili: mazungumzo makubwa yamepungua na watu wameanza kuongea wawili wawili, mama mmoja amejifunika kitenge mabegani, mzee ameuliza kama nje kuna ukungu. Ukiona hivyo, nenda jikoni. Na kama yupo anayetakiwa kuwahi bajaji, au anayerudi Uyole au Mbalizi akihofia kukosa usafiri, mpe yeye chai yake mapema bila kutangaza, ili wengine wasidhani kwamba wote wanatakiwa kuinuka.

Kumimina na kukabidhi

Trei iwekwe juu ya meza ya pembeni, na chai imiminwe pale pale. Usimimine juu ya mapaja ya mtu, na usimpe mtoto chupa ya lita 3 aitembeze sebuleni. Anza na mgeni mwenye umri mkubwa kuliko wote, halafu wazee wengine, kisha aliyetoka mbali, kisha waliobaki, na watu wa nyumbani wawe wa mwisho. Kama kuna mchungaji au shehe, kwa kawaida huhesabiwa pamoja na wazee hata akiwa kijana, na sijaona mzee aliyelalamika.

Ulizia kabla ya kumimina, kwa sauti ya kawaida na kwa mtu mmoja mmoja.

"Baba, nikuwekee ya maziwa au ya rangi?"

"Ya maziwa, mwanangu. Ila sukari niachie mwenyewe."

Nakumbuka mzee mmoja wa Kibena aliyenijibu hivyo, kisha akapokea kikombe kwa mikono miwili na kukaa nacho tu, viganja vimekizunguka, mvuke ukimpanda usoni, bila kunywa kwa muda mrefu. Nilianza kuhofu kwamba kuna kasoro. Kumbe alikuwa anaota moto. Tangu siku hiyo naacha nafasi ya upana wa kidole kati ya chai na ukingo wa kikombe, ili mtu aweze kukikumbatia bila kumwagika, na naweka mkono wa kikombe uelekee upande wa kulia wa mgeni ili asilazimike kukigeuza.

Chujio lipite juu ya kila kikombe hata kama chai ilichujwa jikoni, kwa sababu ya utando wa maziwa. Wapo wanaoupenda na kuupigania, lakini mtu asiyeupenda akiukuta mdomoni hatamaliza kikombe hicho, na hatakuambia kwa nini.

Katika nyumba nyingi za Wahehe, Wabena na Wanyakyusa, kijana anapompa mzee kitu hupiga goti au huinama, na mzee hupokea kwa mikono miwili. Fuata desturi ya nyumba ulimo, lakini ukiwa na kikombe cha moto fuata utaratibu huu: weka kikombe kwanza kwenye kigoda au meza ndogo iliyo mbele ya mzee, piga goti, sema "karibu chai, baba" au "karibu chai, mama", kisha usogeze kisahani kwa mikono yote miwili. Kupiga goti huku kikombe kikiwa hewani ni mchezo ambao nimeuona ukiishia kwenye suruali ya mkwe. Na ikiwa ni ugeni wa wakwe katika ukoo wa Kinyakyusa unaoshika mila, kumbuka kwamba zamani mke wa mtoto alimwepuka baba mkwe wake, asikutane naye uso kwa uso. Familia nyingi zimelegeza jambo hilo, nyingine hazijalegeza. Kama hujui, muulize mume mapema jikoni, na chai ya baba mkwe ipelekwe na mtu mwingine.

Mara tu baada ya kumimina, funga chupa. Chupa iliyoachwa wazi wakati watu kumi wanahudumiwa itakuwa imepoa kikombe cha pili kitakapoombwa.

Vitafunio viwe vichache. Bakuli la karanga za kukaanga, kashata zilizokatwa vipande vidogo, au biskuti kavu vinatosha. Maandazi na vitumbua vibaki kwa ajili ya asubuhi, maana mgeni aliyeshiba atavichukua kwa adabu tu na kubaki ameshika andazi asilolitaka. Matunda, kama ndizi mbivu au parachichi, yapewe kabla ya chai na yaondolewe.

Kwa asiyetaka majani ya chai usiku kwa sababu hapati usingizi, chemsha mchaichai katika buli dogo. Majani yake hayana ile kafeini inayokesha watu, na harufu yake huwafanya hata waliokwisha kupewa chai kuulizia. Watoto wapewe maziwa ya moto, yasiyojaa kikombe.

Kuongeza kikombe kuna sanaa yake. Pita wakati vikombe vimebaki theluthi, uulize "niongeze?" huku chupa ikiwa mkononi, kwa sababu mtu akiulizwa na mwenye mikono mitupu hujibu hapana ili asikusumbue. "Hapana" ya kwanza mara nyingi ni adabu. Uliza mara ya pili. Anayefunika kikombe kwa kiganja amekataa kweli, naye asiulizwe tena. Kwa kikombe cha pili mimina nusu. Kitabaki cha moto hadi mwisho, na anayetaka zaidi atapata nusu nyingine iliyo moto vilevile.

Kama umeme utakatika katikati ya haya yote, na huku hukatika mara nyingi siku za mvua, chai iliyo ndani ya chupa haina habari na umeme. Washa taa ya kuchaji, iweke karibu na meza ya pembeni ili umiminaji uonekane, na maongezi yaendelee.

Wageni wakianza kuaga, usikusanye vikombe mbele yao. Wasindikize kwanza hadi barabarani au hadi kwenye usafiri wao, ukiwa umevaa sweta, kwa kuwa maongezi ya mlangoni huwa marefu kuliko yaliyofanyika ndani. Ukirudi, mwaga chai iliyobaki usiku huohuo hata kama inauma, suuza chupa kwa maji ya moto mara mbili, toa mpira wa kifuniko uuoshe peke yake, kisha ipindue chupa juu ya kitambaa na kifuniko kikae pembeni hadi asubuhi.